Kilichokuuma Usiku

Wasikilizaji wa Bunia, nanyi mnaotupata kutoka Kasenyi, Komanda, Mongbwalu na pembe nyingine za Ituri, leo tuzungumze habari ya kujikuna.

Msicheke kwanza. Nenda kasimame mbele ya famasi yoyote karibu na soko kuu. Hutamaliza kutafuna hindi lako la kuchoma kabla hujamwona mama aliyebeba mtoto. Atamfunua mtoto mguu, atasema, "Papa, kuna kidudu kimemuuma huyu, nipatie dawa." Muuzaji atatupa jicho, atavuta kitubu cha pomadi, atapokea franka zake, kwaheri. Hakuuliza mtoto analala wapi. Hakuuliza kama kaka zake nao wanajikuna, wala kama kuwashwa kunaanza mchana au usiku. Na papa anayefuata kwenye mstari, aliyeleta vipele vya aina nyingine kabisa, ataondoka na kitubu hichohicho.

Ninalotaka kusema jioni hii ni kwamba uvimbe peke yake haumtaji aliyeuma. Ngozi ina majibu machache: huvimba, huwasha, hutoa maji, hufanya kidonda. Wadudu wanaouma watu huku kwetu ni wengi kuliko majibu hayo, basi wanayagawana. Tena watu hawafanani. Mume na mke watalala kitanda kimoja chenye kunguni. Mke ataamka na vivimbe mkono mzima, mume hana hata alama, na ataapa kwamba nyumba ni safi. Naye ameumwa vilevile, ila mwili wake haukujibu. Halafu kuna jambo la rangi. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya vinaeleza doa jekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani: utaona mahali palipozidi weusi, au hutaona kitu, mpaka upitishe kidole ukute kinundu. Kwa hiyo tazama, lakini papasa pia. Kisha uliza: ni sehemu gani ya mwili, ni saa ngapi, mtu alilala juu ya nini, na nani mwingine nyumbani anajikuna.

Tuanze kitandani, maana ndiko lawama nyingi zinakoanzia.

Kunguni hujificha kwenye mishono ya matela, kwenye mipasuko ya mbao, nyuma ya kalenda iliyotundikwa ukutani. Hutoka usiku wa manane, hunyonya dakika chache, hurudi kwake. Hupenda sehemu zilizobaki nje ya shuka: mikono, mabega, shingo, uso. Mara nyingi utakuta vivimbe vitatu au vinne vimefuatana kwenye mstari, kwa sababu mdudu hutembea pembeni ya nguo akijaribu hapa na pale. Mstari huo usikutoshe kama ushahidi. Ushahidi uko kwenye kitanda: vidoa vyeusi vya kinyesi chake, damu iliyopakazika kwenye shuka, maganda aliyoyavua. Amka saa tisa za usiku, washa tochi ya simu, inua matela ghafla, utajua. Kunguni ananyima watu usingizi na anawatia aibu mbele ya wageni, lakini hajulikani kumwambukiza mtu ugonjwa. Maji yanayochemka yakimwagwa kwenye mbao za kitanda yanamuua. Dawa ya shambani inayonyunyiziwa matela anayolalia mtoto, hiyo inamfikia mtoto kwanza.

Sasa yupo mwingine anayeingia kwa mlango huohuo wa usiku, na huyu simfanyii mzaha. Ni papasi, huku kwetu wengi mnamjua kwa jina la kimputu. Ni jamaa ya kupe, ngozi yake ya rangi ya udongo, anaishi kwenye nyufa za kuta za udongo na za sakafu ya vumbi. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa, unamkuta na kumng'oa. Kimputu hafanyi hivyo. Anakuja gizani, ananyonya kama nusu saa, anarudi ufani kabla ya kupambazuka, na mara nyingi hata maumivu hakuyaacha. Asubuhi utaona kinundu kimoja chenye kidoa cha damu katikati, au usione kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula, hivyo nyumba iliyofungwa tangu wenyewe walipokimbia usidhani imekwisha wadudu. Anayerudi kijijini na kulala humo usiku wa kwanza atakaribishwa na wenye njaa.

Mbona nimesema simfanyii mzaha? Kwa sababu wiki moja hivi baadaye huenda homa ikapanda. Kichwa, viungo, kutetemeka. Mtu anasema malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hapana. Homa inashuka yenyewe, watu wanamshukuru Mungu. Baada ya siku kadhaa inarudi, halafu inashuka, halafu inarudi. Hiyo ni homa ya vipindi inayoletwa na papasi, na kwa mama mjamzito ni hatari kubwa, kwake na kwa mimba. Inaonekana kwa darubini kwenye damu iliyochukuliwa wakati homa iko juu, na inatibika kwa antibiotiki. Lakini muuguzi hawezi kuiwazia usipomwambia kwamba ulilala chini kwenye nyumba ya udongo. Kinundu kimeshapona zamani. Kilichobaki ni maneno yako.

Habari hii ina kaburi hapa Kongo. Mwaka 1903 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifika nchini pamoja na John Todd na Cuthbert Christy, wametumwa na shule ya tiba ya Liverpool. Dutton na Todd walipanda mto kuelekea mashariki wakichunguza homa ya papasi, wakathibitisha kwamba kimputu ndiye anayeibeba. Wote wawili waliugua ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza. Dutton alifia Kasongo, huko Maniema, tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu chenyewe cha homa hiyo leo kinaitwa Borrelia duttonii, kwa jina lake.

Madaktari haohao watatu ndio waliomwandika mdudu mwingine ambaye vijana wa mjini hawamjui, ingawa amepewa jina la nchi yetu: buu wa sakafu wa Kongo. Maelezo yao yalitoka mwaka 1904. Nzi wake hana madhara, hanyonyi damu. Hutaga mayai kwenye vumbi la sakafu, na mabuu hukaa kwenye nyufa chini ya mkeka. Usiku buu hupanda kwenye ngozi tupu ya aliyelala, hunyonya, huteremka akiwa mwekundu kwa damu. Haambukizi ugonjwa unaojulikana. Na ana udhaifu mmoja: hawezi kupanda miguu ya kitanda. Anayelala juu, hata kwenye kitanda cha miti kilichofungwa kwa kamba, buu hamfikii.

Fikiria jambo hilo halafu ufikirie tulivyo tangu mwisho wa 2017, vita viliporudi Djugu. Maelfu ya watu wamelala hapa Bunia chini ya mabashi, kwenye kambi za ISP na Kigonze, mkeka mmoja juu ya ardhi, watoto watano kwenye mkeka huo. Tunawaletea sabuni, vizuri. Tunawaletea vyandarua, vizuri sana. Lakini wadudu wengi wanaouma, kimputu, buu wa sakafu, kiroboto, funza, wanatoka chini. Mimi ningependa kuona misaada ikihesabu pia miti na misumari ya vitanda. Najua fundi wa kitanda hapigwi picha na wafadhili.

Nimemtaja funza, tushuke miguuni. Huyu hahitaji kubahatishwa. Ukiona kidoa cheusi katikati ya duara jeupe, pembeni ya ukucha, kisiginoni au chini ya unyayo, kinachowasha kisha kinauma, huyo ni funza jike ameshaingia na kiroboto mwingine yeyote hafanyi hivyo. Anapoingia haonekani vizuri kwa macho. Ndani ya wiki mbili tumbo lake limejaa mayai na limefika karibu upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kile kidoa cheusi ni sehemu yake ya nyuma aliyoiacha wazi ili apumue na kutoa mayai.

Hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na funza wakashuka pamoja na mchanga. Kabla karne ile haijaisha walikuwa wameshafika Zanzibar. Nani aliwabeba kulivuka bara zima? Watu wenyewe, kwenye miguu ya wapagazi. Na njia mojawapo ya misafara ilipita hapahapa: Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipanda mto Ituri na wapagazi wake, wengi wao watu wa Zanzibar, akafika Ziwa Albert Desemba 1887, akatokea Bagamoyo Desemba 1889. Walioandika historia ya mdudu huyu huuhesabu msafara ule miongoni mwa misafara iliyomsafirisha. Kwa hiyo anayesema funza ni laana ya ukoo fulani au ya uvivu wa kabila fulani, mjibu kwamba ni mgeni wa baharini ambaye bado hajarudi kwao.

Kumtoa tunajua, bibi zetu walitufundisha. Tatizo ni pini. Pini moja inazunguka miguu ya watoto wote wa ua, kutoka mguu wa huyu kuingia damu ya yule. Tena tundu linalobaki ni mlango wa pepopunda. Chombo kisafishwe kwa moto au kwa maji yanayochemka kwa kila mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni, chanjo ya pepopunda iulizwe kituoni. Huko Kenya na Uganda wamejaribu mafuta ya dimetikoni, yanayopakwa juu ya tundu na kumziba mdudu pumzi bila kumchokoa, na yamefanya kazi vizuri. Yakifika kwenye vituo vyetu yapokeeni. Petroli na dawa ya ng'ombe kwenye mguu wa mtoto, hapana.

Yupo mwingine anayechanganywa na jipu la kawaida. Mtu ana uvimbe mgongoni, kiunoni au pajani, mahali nguo inapobana. Una tundu dogo juu, unatoa majimaji, na mwenyewe anasema kitu kinacheza ndani. Haoti ndoto. Ni buu wa nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Madaktari wetu humwita kwa Kifaransa ver de Cayor. Ukivaa nguo hiyo, kibuu kinatoboa ngozi bila wewe kusikia. Jipu la kweli halina tundu linalopumua. Paka vaselini nene juu ya tundu, subiri, kibuu kikose hewa na kitokeze, kisha minya taratibu pande zote mbili. Kikikatikia ndani nenda kituoni. Na dawa ya kukizuia iko nyumbani: anika juani, si kwenye majani wala chini ya mwembe, halafu piga pasi ya makaa, hasa kwenye mishono na kwenye mpira wa kiuno. Wale wanaodhani nepi za mtoto hazihitaji pasi wamekosea: ndizo hasa zinazoihitaji.

Nje ya nyumba nitapita haraka. Mbu mnamjua: uvimbe wake huja dakika ileile na huondoka baada ya saa chache au siku moja mbili. Hakuna mtu duniani anayeweza kutazama uvimbe wa mbu akasema huyu ameacha malaria na yule hakuacha. Watu hutuambia, "mbu wa malaria anauma kwa uchungu zaidi." Si kweli. Ukipata homa, pima; habari za uvimbe ziache. Usubi huuma mchana kando ya mito yenye maporomoko, kama kule Logo na Mahagi; huacha tone la damu na kuwasha kwa siku nyingi, na kuumwa naye mara nyingi kwa miaka ndiko kunakoleta upofu wa mito. Zile tembe za ivermektini zinazogawiwa kila mwaka zimezeni, hata kama leo macho yanaona vizuri. Mbung'o anauma mchana, anatoboa hata shati, unaruka kwa maumivu. Wawindaji na wavuvi upande wa msituni na wale wa Aru karibu na mpaka wa Uganda hawahitaji kuelezwa. Aliyeumwa huko akapata homa zisizoisha, tezi zilizovimba nyuma ya shingo na usingizi wa mchana, aombe kupimwa malale. Tangu Desemba 2018 nchi yetu imekubali feksinidazoli, tembe za kumeza za malale, na wagonjwa wengi hawahitaji tena dripu wala kuchomwa mgongo kama zamani. Nyuki na nyigu hawana fumbo, uliwaona. Ukiona midomo inavimba au pumzi inabana baada ya kuchomwa, ita pikipiki sasa hivi, hospitali, usingoje kipindi kiishe.

Nimefika kwenye sehemu inayonikera zaidi, nayo ni ya vitu visivyotokana na kuumwa na mdudu yeyote lakini vinatibiwa kwa pomadi ya mdudu.

Cha kwanza ni upele. Unaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachochimba njia ndani ya ngozi. Sikiliza alama zake. Kuwashwa kunazidi usiku, mtu anapopata joto. Vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kitovuni, makwapani, matakoni, sehemu za siri za wanaume, chini ya matiti ya akina mama. Kwa mtoto mchanga hata viganja na nyayo. Na swali langu la nne, nani mwingine anajikuna? Hapa jibu ni: wote, au karibu wote. Kunguni hawaumi katikati ya vidole vya familia nzima. Anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki nne mpaka sita kabla hajaanza kuwashwa, na siku hizo zote anawaambukiza wengine. Ndiyo maana kumtibu mtoto mmoja ni kupoteza pesa.

Na ile pomadi ya kitubu? Nyingi ya zile zinazouzwa kwa kila muwasho zina kortikoidi, dawa ileile wanayochanganya wanaotafuta kung'aa. Ukiipaka kwenye upele, muwasho unatulia siku mbili tatu, alama zinafifia, mdudu anastarehe na kuzaana. Muuguzi mwenye uzoefu atatazama ngozi ile na asiutambue upele. Mgonjwa anarudi famasi kununua kitubu cha pili. Biashara inaendelea. Sitataja duka la mtu, lakini muuzaji asiyeuliza swali moja kabla ya kuuza kortikoidi kwa ajili ya mtoto, mimi siwezi kumwita mtu wa afya.

Dawa ya upele ipo na si ya ajabu: losheni ya benzili benzoeti, au permetrini, au tembe za ivermektini kwa wasio wajawazito na watoto waliotimiza uzito wa kutosha, muulize muuguzi kipimo. Mnapakwa nyote siku moja, kutoka shingo hadi nyayo, hata asiyejikuna. Nguo na shuka zinachemshwa na kuanikwa juani. Zisizochemshika, mfano koti la papa la ndoa, funga ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu nne, kijidudu kikose ngozi na kufa. Baada ya dawa muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi bila maana ya kwamba dawa imeshindwa. Usijipake tena kila siku, utaunguza ngozi.

Cha pili ni yule mdudu mwembamba wa rangi mbili, nyeusi na chungwa, anayekuja kwenye taa mvua zikianza. Kenya wamempa jina la mji wao, wanamwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi, ni jamaa ya mbawakawa. Hana meno ya kumuuma mtu. Anakutembea shingoni, unampiga kofi, umejipaka sumu iliyomo mwilini mwake. Kesho yake au keshokutwa ngozi inaungua na kutoa malengelenge, mara nyingi kwa mstari mrefu ulioufuata mkono wako. Mahali ngozi inapokunjika, kiwiko kwa mfano, jeraha moja linapiga chapa ya jingine upande wa pili. Akitua, mpulizie. Ukishamponda, osha kwa sabuni mara moja wala usiguse macho.

Cha tatu na cha nne nitaviunganisha, maana vyote viwili vinataka daktari na havitaki pomadi. Malengelenge magumu yenye kishimo katikati, yanayotokea pia viganjani na nyayoni, pamoja na homa na tezi zilizovimba, hayo ni ya kufikiria mpox, ambayo mgonjwa wake wa kwanza kujulikana duniani alikuwa mtoto wa Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Na kidonda kimoja chenye gamba jeusi katikati, kimevimba pembeni lakini hakiumi, kwa mtu aliyechuna ng'ombe aliyejifia, hicho kinaweza kuwa kimeta. Aprili 2025 viboko walikufa kwa kimeta huko Virunga, jirani zetu wa kusini. Kidonda kisichouma kinadharauliwa, mtu anasema buibui. Buibui wetu wanasingiziwa mengi. Karibu kila kidonda kisicho na maelezo anabebeshwa yeye, naye yuko kwenye kona yake anakula inzi.

Nimemwacha kiroboto mwisho makusudi. Vivimbe vyake ni vidogo, vya kuwasha sana, vimejazana kwenye vifundo vya miguu na miundi, kwa sababu anaruka kutoka chini na haruki juu sana. Mtoto anayetambaa atakuwa navyo hata tumboni. Kiroboto wa mbwa au wa mbuzi mara nyingi ni adha tu. Lakini hapa Ituri tuna sababu ya kumuuliza kiroboto ametoka kwa nani. Nyanda za juu za Djugu, Rethy na Linga hasa, zinajulikana kati ya sehemu za dunia ambako tauni, peste kwa Kifaransa, haijawahi kutoka kabisa. Na mwaka 2021 ilionekana pia upande wa Biringi, Aru. Inakaa kwa panya. Kiroboto wa panya akiwa nayo na akamuuma mtu, inaingia.

Na kilichofumbua fumbo la tauni kilikuwa alama ya kuumwa. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa India mwaka 1897 na 1898, watu wakifa kwa maelfu. Kijidudu kilikuwa kimeshajulikana tangu Alexandre Yersin alipokiona Hong Kong mwaka 1894, lakini kilivyotoka kwa panya kuingia kwa mtu hakikujulikana. Simond aliona kwa baadhi ya wagonjwa lengelenge dogo, mara nyingi mguuni, upande uleule ambako mtoki ulivimba. Akajiuliza ni nani anayeuma watu miguuni, na kwa nini wanaoshika panya aliyekufa muda mfupi ndio wanaougua, wakati wanaoshika panya aliyekaa siku nzima hawaugui. Jibu lilikuwa kiroboto: panya akipoa, viroboto wanamhama. Juni 1898 huko Karachi aliweka panya mgonjwa mwenye viroboto na panya mzima kwenye chombo kimoja, wametengwa kwa waya, wasigusane. Panya mzima akapata tauni. Wenzake walimbeza miaka kadhaa kabla ya kumkubali. Alichofanya kinaweza kufanywa na maman yeyote wa Mudzipela au wa Saio: alitazama uvimbe uko wapi mwilini, akauliza mdudu gani hufika hapo, halafu akageuka kuangalia nyumba.

Kwa hiyo ukitoka Djugu au una wageni waliotoka huko, sikiliza vizuri. Panya wakianza kufa wenyewe ndani ya nyumba bila mtu kuwawekea sumu, hiyo ni habari, si bahati njema. Usiwe na haraka ya kuwaua waliobaki, maana viroboto watatafuta damu nyingine. Viroboto wapigwe dawa kwanza. Mtoto asiokote panya aliyemkuta amekufa, iwe kwa kucheza au kwa kuchoma na kula. Mtu akishikwa na homa kali ya ghafla na uvimbe unaouma sana kwenye kinena, kwapa au shingoni, ndani ya wiki moja tangu aumwe, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Tauni inapona kwa antibiotiki za kawaida kabisa ikiwahiwa. Isipotibiwa huua wengi. Akianza kukohoa damu, msimzunguke bila kujifunika pua na mdomo, na wote mliolala naye nyumba moja mwambieni muuguzi, mtapewa dawa ya kinga. Mwambieni pia habari za panya, hata asipouliza. Na panya mwenyewe kabla ya kuguswa mwiteni reko, yule mhudumu wa afya wa kartiye, mumwoneshe alipofia, mumwambie ni wangapi mmewaona na tangu siku gani.